Dawa za Usingizi na Kipimo cha Asubuhi
Kwa muda mrefu dawa za usingizi zilihukumiwa kwa usiku peke yake: mgonjwa akilala upesi bila kuzindukazinduka, dawa ilihesabiwa kuwa njema. Hivyo ndivyo ilivyosifiwa barbitali, iliyoingia madukani mwaka 1903 kwa jina la Veronal, ingawa ilitoka mwilini polepole mno na mtumiaji aliamka na kichwa kizito.

Benzodiazepini, yaani kundi la dawa za kutuliza lililoenea kuanzia miaka ya 1960, hazikuua kirahisi kama barbitureti, yaani kundi la barbitali, pale mtu alipozidisha kipimo, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini suala la asubuhi lilibaki palepale. Flurazepamu, mojawapo ya benzodiazepini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1970, hugeuzwa na ini kuwa kemikali nyingine yenye nguvu, ambayo nusu-maisha yake, yaani muda wa kiasi chake katika damu kupungua kwa nusu, huzidi saa 40, kwa hiyo anayemeza kidonge kila usiku huongeza kipya juu ya mabaki ya jana na juzi.

Kipimo cha haki kilipatikana barabarani. Nchini Uholanzi, kuanzia miaka ya 1980, mtafiti James O'Hanlon na wenzake waliwapa watu dawa usiku, kisha kesho yake wakawataka waendeshe gari takriban kilomita 100 kwenye barabara kuu yenye magari mengine, mwalimu akiwa ameketi kando na breki zake mwenyewe, huku kamera ikifuatilia mstari wa barabara na kuonyesha gari liliyumba kwa sentimita ngapi. Sentimita hizo chache ziliweza kulinganishwa na kuyumba kwa dereva aliyekunywa pombe, na ulinganisho huo ulikuwa na uzito kuliko maelezo yoyote ya mgonjwa.

Hata hivyo sheria zilikawia. Zolpidemu, dawa nyingine ya usingizi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1992, lakini ilikuwa Januari 2013 ndipo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilipoagiza kipimo cha wanawake kishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao huiondoa polepole zaidi. Mwaka uliofuata ilionya kuwa miligramu 3 za eszopikloni, nayo dawa ya usingizi, zaweza kudhoofisha uendeshaji, kumbukumbu na uratibu wa viungo kwa zaidi ya saa 11, na kwamba mara nyingi watumiaji wenyewe hawakujua kuwa wamedhoofika.