Aliyejiita Koma

Nilikuwa nyumbani Usagara, pale njia panda ambapo barabara ya Shinyanga inaachana na ile ya Kigongo na Sengerema. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lizinduliwe Juni 2025, magari ya Geita hayana tena habari ya kusubiri kivuko, yanapita mbio kama yanafukuzwa. Ila ubishi wa kijiweni uko palepale.

Safari hii ubishi ulikuwa wa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Ana miaka 23, anaendesha bodaboda, na jioni anafanya mazoezi ya ngumi na wenzake. Sasa ameamua kuuza pikipiki aende Dar es Salaam akawe mpiganaji wa MMA, yale mapigano ya ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja. Mama mdogo akanivuta pembeni: "Ongea naye, wewe si mwandishi wa habari, una maneno." (Angejua mshahara wangu asingenituma!)

Nikakaa naye. Badala ya mimi kumhoji, akanihoji yeye. "Kaka, hivi hawa Wabrazili waliutoa wapi ule ujuzi wa kukaba watu chini?"

Nikamwambia hawakuutoa kwao. Waliletewa na Mjapani mmoja mfupi, na huyo alianza kama yeye: kijana wa kijijini anayetaka kupigana.

Mitsuyo Maeda alizaliwa mwaka 1878 katika kijiji karibu na Hirosaki, kaskazini mwa Japani. Alicheza sumo utotoni lakini mwili ulimgomea: urefu kama sentimita 164, uzito kilo sitini na kitu. Akaenda Tokyo, akaingia Kodokan, shule iliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882 ndani ya hekalu, kwenye mikeka 12 tu. Kano alichukua jujitsu, mbinu za kale za wapiganaji wa Japani, akaondoa zile za kuvunja watu ovyo, akaiita judo. Alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi na kwa moyo. Kwake mkeka ulikuwa darasa, na mambo ya kupigania pesa hayakuwa ya Kodokan.

Mwaka 1904 Maeda alipelekwa Marekani akiwa na mkubwa wake, Tsunejiro Tomita, kuitangaza judo. Mwaka 1905 wakaonyesha mbinu zao katika chuo cha kijeshi cha West Point. Ilikuwa aibu. Tomita, aliyekuwa na umri wa kutosha, alilazwa chini na mwanafunzi mwenye mwili mkubwa, watu wanaangalia. Mimi naamini siku ile ndiyo iliyomgeuza Maeda, kwa sababu baada ya hapo akaachana na mkubwa wake na kuanza kufanya kile ambacho Kano hakukitaka: kupigana kwa dau, na yeyote, wa uzito wowote.

Akapita Uingereza, Ubelgiji, Hispania, Cuba, Meksiko, akishuka Amerika ya Kusini. Kwenye kumbi za maigizo, kwenye sarakasi, popote penye watu na kiingilio. Inasemekana alipigana zaidi ya mara 1,000. Hispania, mwaka 1908, akajipa jina la jukwaani: Conde Koma. Conde ni cheo cha ukabaila kwa Kihispania. Koma alilikata kutoka neno la Kijapani komaru, kuwa na shida, maana mfukoni hali ilikuwa mbaya. Mdogo wangu alicheka mpaka akainama. Mtu anapanda ulingoni anaitwa Koma! Kwa Kiswahili hilo si jina, ni amri.

Niliendelea na sehemu ninayoipenda. Mwaka 1914 Koma alifika Brazil, na hatimaye akatulia Belém, mji wa bandari kwenye mdomo wa Amazon, mji wa maji na samaki kama Mwanza yetu. Hapo alianza kufundisha. Mfanyabiashara mmoja, Gastão Gracie, alikuwa na mtoto mtundu aliyeitwa Carlos, naye akaanza mazoezi katika miaka ileile, mnamo 1917. Wanahistoria wanagombana hadi leo kuhusu Carlos alikaa na Maeda mwenyewe kwa muda gani, na ni kiasi gani alikipata kwa mwanafunzi wa Maeda, Jacyntho Ferro. Carlos akahamia Rio de Janeiro, akafungua shule mwaka 1925, na mdogo wake Hélio, aliyekuwa mwembamba, akayafanyia kazi zaidi mapigano ya chini.

Kwa nini chini? Kwa sababu mkiwa mmesimama, mzito anakupiga. Mkiwa chini, ukamfunga kiuno kwa miguu yako, ngumi yake inakosa nguvu na shingo yake inakuja karibu. Halafu roba. Sisi tunaijua roba ya vibaka, ile ya mbao, inayominya koromeo. Hii nyingine inabana mishipa ya damu pande mbili za shingo, na mtu anazimika ndani ya sekunde kama 10. Ukiona giza linakuja unapigapiga mkeka, mwenzako anaachia, mnaanza upya.

Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, mtoto wa Hélio, Royce Gracie, mwenye kilo kama 80, aliwashinda wanaume watatu usiku mmoja katika UFC ya kwanza. MMA ya leo imetoka hapo.

Koma hakuyaona. Miaka yake ya mwisho aliwasaidia wahamiaji wa Kijapani kupata ardhi Amazon, na hakurudi kuishi kwao. Kodokan walimpandisha dani ya 7 tarehe 27 Novemba 1941. Kesho yake akafa.

Na kwetu? Zanzibar yupo Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyefika mwaka 1987, akafanya uvuvi na biashara, na kuanzia miaka ya 1990 akawafundisha vijana wa pale judo. Kwenye Olimpiki ya Rio 2016 bendera ya Tanzania ilibebwa na mcheza judo, Andrew Thomas Mlugu, na Paris 2024 alimshinda William Tai Tin wa Samoa kabla ya kutolewa na Mfaransa Gaba, aliyeondoka na fedha. Tunaongelea mpira tu, haya tunayaacha yapite.

Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo niende." Nilitaka kumpinga, nikakosa pa kuanzia.

Jumamosi nilimkuta kwenye majani nyuma ya nyumba na watoto wanne wa jirani, anawafundisha kuanguka. Wa kwanza aliangukia kiwiko, akalia. Akampangusa, akamwambia arudie, kidevu kifuani, mkono upige ardhi kwanza. Pikipiki ilikuwa imeshauzwa. Aliondoka Jumatatu alfajiri, na mama mdogo bado haniongeleshi vizuri. Wale watoto jioni ile walikuja kuniuliza mimi kama ninajua kuanguka.