Dawa Iliyotoka Beerse

Mwaka 1958, kule Beerse nchini Ubelgiji, maabara ya Paul Janssen ilitengeneza dawa ya haloperidoli.

Ilikusudiwa wagonjwa wa akili. Lakini mwaka 1961 daktari Mfaransa, Seignot, aliripoti kwamba imemtuliza mgonjwa wa tiki: macho kupepesa, mabega kuruka, koo kutoa sauti bila mtu kutaka. Georges Gilles de la Tourette alikuwa ameueleza ugonjwa huo mwaka 1885, na kwa miaka mingi baadaye wazazi walilaumiwa bure.

Tiki za muda mfupi huwapata watoto wengi wa shule, pengine 1 kati ya 5. Ugonjwa kamili wa Tourette, kwa makadirio mengi, huwapata chini ya mtoto 1 kati ya 100, na wavulana huzidi wasichana. Wengi hupata nafuu wakikaribia utu uzima.

Haloperidoli hulegeza tiki, ila huleta usingizi na kukakamaa, kwa hiyo sasa hutangulia mafunzo ya kuzizuia kwa tendo jingine. Mwalimu, usimchape mtoto anayepepesa macho, si utundu.