Jinsi mishipa ya damu na seli za kinga huchangia kuumbika kwa korodani

WATU wengi huamini kwamba jinsia ya mtoto huamuliwa mara moja, pale mbegu ya baba inapokutana na yai la mama.

Ni kweli kwamba kromosomu ya Y kutoka kwa baba ndiyo huelekeza kiinitete kuwa cha kiume. Lakini kuelekeza ni jambo moja na kujenga ni jambo jingine. Utafiti wa tangu miaka ya 2000 umebainisha kuwa korodani haziwezi kujengeka sawasawa bila mishipa ya damu, pamoja na seli za kinga ambazo kwa kawaida tunazihusisha na kupigana na maradhi.

Suala hili lina uzito kwa sababu ujenzi huo hufanyika kwa muda mfupi mno. Kwa binadamu, huanza takriban wiki ya 6 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo baadhi ya akina mama hata hawajatambua kuwa ni wajawazito. Kasoro inayotokea katika kipindi hicho huenda isionekane mpaka mtoto azaliwe, au mpaka awe mtu mzima anayetafuta mtoto wake mwenyewe.

Kabla ya wiki hiyo, viinitete vya kike na vya kiume havitofautiani. Vyote huwa na jozi ya tezi changa zilizo kando ya figo la muda, ambazo zinaweza kugeuka kuwa ovari au korodani.

Mwaka 1990, wanasayansi jijini London, wakiwemo Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge, walitambua jeni iitwayo SRY katika kromosomu ya Y. Mwaka uliofuata, jeni hiyo ilipandikizwa katika viinitete vya panya vyenye kromosomu za kike. Mmoja wa panya waliozaliwa alikuwa na maumbile ya kiume na korodani, ingawa hakuwa na uwezo wa kuzalisha mbegu.

Jeni ya SRY huamsha seli za Sertoli, zilizopewa jina la Enrico Sertoli, mtaalamu wa Italia aliyezieleza mwaka 1865. Seli hizo huzizunguka seli zitakazozaa mbegu na kujipanga katika umbo la mirija. Ndani ya mirija hiyo ndimo mbegu za kiume hutengenezwa mtu anapobalehe.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa seli za Sertoli hujipanga zenyewe. Hata hivyo, mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha picha za tezi changa za panya zilizopigwa zikiwa bado hai, wakafuatilia mwendo wa seli za mishipa ya damu.

Katika tezi ya kiume, mishipa iliyo mpakani mwa figo la muda huvunjika. Seli zake husafiri hadi upande wa pili wa tezi, na huko huungana upya na kuunda mshipa mkubwa. Njia zinazopitia huigawanya tezi katika sehemu ndogo ndogo, na katika sehemu hizo ndimo mirija hujengwa. Kwa upande wa tezi ya kike, mishipa huongezeka kwa kuchipuka tu kutoka kwa ile iliyopo.

Mwaka 2009, wanasayansi wa Australia waliuzuia msafara huo katika tezi za panya zilizowekwa kwenye maabara. Seli za Sertoli zilikuwapo, lakini mirija haikuundika. Kwa maneno mengine, amri ya kujenga ilikuwa imetolewa, ila mafundi hawakuwa na ramani.

Swali lililobaki lilikuwa ni nani anayesimamia mishipa hiyo. Jibu lilielekeza kwa makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Ilya Metchnikoff, mzaliwa wa Milki ya Urusi, aligundua umezaji huo mwaka 1882 alipokuwa akichunguza wanyama wa baharini kisiwani Sicily, na akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich.

Mwaka 2014, Tony DeFalco, Blanche Capel na wenzao walieleza kuwa makrofaji huwa tayari zimefika katika korodani ya panya wakati mishipa inapoanza kujipanga. Seli hizo hutokana na kifuko cha kiiniyai, ambacho hutoa seli za damu za mwanzo kabisa, kabla uboho haujaanza kazi hiyo.

Makrofaji zilipoondolewa, mishipa haikujipanga ipasavyo na mirija ikawa na kasoro. Aidha, ilibainika kuwa hufanya usafi kwa kumeza seli zilizobaki nje ya mahali pake baada ya mirija kuundika.

Kazi yake haiishii tumboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa makrofaji zilipopunguzwa katika korodani za panya wazima, seli asilia za mbegu zilizoanza safari ya kukomaa zilipungua pia.

Ni vyema kukumbuka kuwa matokeo haya ni ya panya, na hayamaanishi kwamba chanzo cha kila tatizo la uzazi kwa wanaume kimepatikana. Hata hivyo, yanaonyesha kwamba kuumbika kwa viungo vya uzazi ni mlolongo wa hatua nyingi zinazotegemeana, na hitilafu inaweza kutokea katika hatua yoyote.

Funzo hilo lina umuhimu kwa jamii ambazo bado huchukulia mtoto huntha kuwa laana, au humlaumu mama yake. Katika sensa ya mwaka 2019, Kenya ilihesabu watu huntha kwa mara ya kwanza, na 1,524 wakaorodheshwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inatambua haki za watoto hao.

Wazazi wanashauriwa kumpeleka hospitalini mapema mtoto ambaye viungo vyake vya uzazi havieleweki, na vilevile mvulana ambaye korodani zake hazijashuka anapofikisha umri wa miezi 6. Upasuaji wa kuzishusha hupendekezwa ufanywe kabla ya miezi 18, kwani kuchelewa huongeza hatari ya utasa na saratani ya korodani.