Land Rover Kuukuu na Vilima vya Nyacheki

Nyacheki iko kusini-mashariki mwa Kaunti ya Kisii, katika eneo bunge la Bobasi, si mbali na mpaka wa Transmara. Ni nchi ya migongo na mabonde. Nyumba na mashamba ya chai, kahawa, ndizi na mahindi yametanda kwenye miteremko, vijito viko chini, na barabara yoyote inayotaka kufika mahali lazima ipande na kushuka. Mvua ya nyanda za juu za Gusii hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Huwa kubwa zaidi katika misimu miwili, wa kuanzia Machi na wa kuanzia Septemba, na miezi ya katikati mara nyingi haikosi manyunyu. Udongo mwekundu wa huko humpendelea mkulima kuliko dereva. Ukilowa hauzamishi gurudumu kama mchanga, bali hulitelezesha, na gari lililokuwa likipanda huanza kurudi kinyumenyume kuelekea mtaroni. Mteremko, mvua na udongo huo ndivyo vilivyoamua ni kifaa gani cha kuongeza kwenye gari kuukuu kingedumu na ni kipi kingeng'olewa baada ya msimu mmoja.

Hapo awali mizigo ya Gusii ilibebwa kichwani, mgongoni na kwa punda. Kahawa, ambayo Wakisii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa kuilima katika miaka ya 1930, haikuibadilisha sana hali hiyo, kwa kuwa kahawa iliyokaushwa inaweza kusubiri. Chai haisubiri. Jani bichi likichumwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo linaharibika na jasho la mchumaji linapotea. Mamlaka ya mazao maalum iliyoundwa mwaka 1960, ambayo mwaka 1964 iligeuka kuwa mamlaka ya chai, KTDA, ilipoeneza chai kwa wakulima wadogo, ililazimu barabara zifuate vituo vya kununulia majani hadi kwenye migongo iliyokuwa na vijia tu. Barabara hizo zilikuwa za murram au udongo mtupu. Lori la chai lilipita, nyuma yake likaacha mifereji ya matairi, na gari dogo la kawaida likashindwa kupita katika mifereji hiyo.

Gari lililoweza kupita lilikuwa tayari nchini. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kampuni ya Rover ya Uingereza iliibuni kwa kuitazama Jeep ya vita, ikaipa bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu, na injini ya petroli ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi zipatazo 50. Nguvu hizo ni chache. Uwezo wake ulitokana na kuvuta kwa magurudumu yote manne, na giaboksi ya pili iliyoiwezesha kupanda polepole huku injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha. Kote Kenya maafisa wa utawala, polisi, madaktari wa mifugo, maafisa wa kilimo na wamisheni waliitumia. Zile ndefu za inchi 109 zilibeba watu na mizigo kwa pamoja.

Serikali haiweki gari milele. Likichakaa huuzwa mnadani, na kwa njia hiyo Land Rover nyingi zilitoka mikononi mwa idara zikaingia mikononi mwa wafanyabiashara, wakulima na wenye magari ya abiria. Hapo ndipo historia ya kuongezea vifaa inapoanza hasa. Mnunuzi alipata gari lenye bodi nzima na injini iliyochoka, na fedha zake zilikuwa zimeishia mnadani. Kila shilingi iliyofuata ilihitaji uamuzi.

Vifaa vya kuongeza vilivyotengenezwa Ulaya na Marekani vilikuwepo tangu mapema. Habu za mbele za kufunga na kufungua, ambazo Warn wa Marekani alianza kuziuza mwishoni mwa miaka ya 1940, zilikusudiwa kuzuia shafti za mbele zisizunguke bure barabarani. Kampuni ya Fairey ya Uingereza iliuza winchi, na katika miaka ya 1970 iliuza ovadraivu iliyoongeza mwendo kwa takriban asilimia 28 kwa mzunguko uleule wa injini. Kwa msafiri wa Nairobi hadi Mombasa ovadraivu ilikuwa neema. Kwa mtu aliyekaa Nyacheki, ambako kilomita chache hazipiti bila kushusha gia, ilikuwa fedha iliyolala. Habu za kufungua zilikuwa na kasoro yake pia. Mtu alishuka kwenye matope na kuinama gurudumu hadi gurudumu kuzifunga, mara nyingi gari likiwa limeshakwama. Tena zikiachwa wazi muda mrefu, vyuma vya ndani vya mbele hukosa mafuta ambayo mzunguko wa shafti ungeyapandisha. Winchi peke yake ndiyo iliyokuwa na maana milimani, nayo ilitaka mti au mwamba wa kushikilia kamba, na dereva anayejua kuwaweka watoto mbali na kamba iliyokazwa.

Matairi yaliwapa wamiliki faida kubwa kwa fedha kidogo. Rover ilizipa zile ndefu matairi ya 7.50-16, membamba na marefu. Baadaye matairi mapana yalipoonekana kwenye magari ya watalii na ya mashindano, wengi waliyatamani kwa sura yake. Tairi pana hulifaa jangwa la Turkana na ufuo wa mchanga, kwa sababu huelea. Juu ya utelezi mwembamba uliofunika murram ngumu, kuelea ndiko kunakolipeleka gari mtaroni. Tairi jembamba lenye meno makubwa hukata utelezi na kufikia sehemu ngumu iliyo chini. Katika jambo hili uamuzi wa kiwanda ulikuwa sahihi kwa Gusii, na aliyeubadilisha alilipa ili apoteze.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa la injini. Tangu 1958 Land Rover nyingi zilikuwa na injini ya petroli ya lita 2.25, yenye nguvu za farasi zipatazo 70, imara na rahisi kufunguliwa, lakini yenye kiu. Kati ya Oktoba 1973 na mwanzo wa 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne, na mwaka 1979 ikapanda tena. Gari la serikali lingeweza kuendelea kunywa. Gari la mtu binafsi halikuweza. Dizeli ya Rover yenyewe ilikuwapo, lakini ilikuwa dhaifu mno kwa gari lililojaa watu likipanda mlima.

Suluhisho lilitoka Japani kupitia viwanda vya Kenya. Katika miaka ya 1970 viwanda vitatu vya kuunganisha magari vilianza kazi: Leyland Kenya ya Thika, iliyounganisha Land Rover pia, Associated Vehicle Assemblers ya Mombasa, na General Motors Kenya ya Nairobi, iliyounganisha Isuzu. Pikapu na malori madogo ya Kijapani yalienea kila mji, na yalipogongwa au kuzeeka, injini zake zilibaki sokoni. Barabara ya Kirinyaga ya Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, ikawa mahali pa kutafuta Isuzu 4JB1 ya lita 2.8, Toyota 2L ya lita 2.4 au 3L ya lita 2.8. Mafundi wa jua kali walizipandisha injini hizo katika Land Rover kwa bamba la chuma lililotobolewa ili lioane na giaboksi ya Rover, na vishikizo vipya vilivyochomelewa kwenye chesisi. Wazo hilo halikuwa la kienyeji tu. Australia iliuza Land Rover zilizotoka kiwandani na Isuzu ya lita 3.9 katika miaka ya 1980, na jeshi la nchi hiyo likazichukua kwa wingi.

Faida ilikuwa ya kweli. Dizeli hizo huvuta kwa nguvu zikiwa bado zinazunguka polepole, ndivyo mlima unavyotaka, na vipuri vyake vilipatikana Kisii mjini bila kungoja meli. Sababu hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Injini bora isiyo na gasketi mjini ni mzigo uani.

Lakini injini mpya hufichua udhaifu wa kila kilichoko nyuma yake. Bamba likipindika kwa milimita moja, shafti ya giaboksi haikai sawa na injini, klachi inakula upande mmoja na beringi inalia. Giaboksi ya Series, yaani ya Land Rover hizo za zamani, iliundwa kwa nguvu ndogo, na shafti za nyuma za ekseli ya Rover zilijulikana kwa kukatika dereva anapoachia klachi ghafla mlimani. Land Rover za inchi 109 za Series III zilikuwa na ekseli ya Salisbury iliyo nzito zaidi, ndiyo maana zilistahimili Isuzu kuliko ndugu zao wafupi. Wengine walibadili difu, wakaweka za Range Rover zenye uwiano wa 3.54 badala ya 4.7 za asili, ili dizeli isilie sana kwenye lami. Kwa mtu wa barabara kuu hesabu hiyo ni sahihi. Kwa mtu wa Bobasi ilimwondolea gia aliyoihitaji kila siku, naye akawa anaanza safari ya mlimani kwa kuunguza klachi.

Hatari kubwa zaidi haikuonekana. Injini ya petroli hufyonza hewa, na mfyonzo huo ndio unaosaidia breki katika Land Rover zenye sevo. Dizeli haina mfyonzo huo. Hutegemea pampu ndogo ambayo katika Isuzu na Toyota nyingi imeshikamanishwa na altaneta. Fundi akiweka injini na kusahau pampu, au akitumia altaneta nyingine isiyo nayo, dereva hubaki na kanyagio gumu la breki na gari zito kuliko zamani, linaloshuka bonde likiwa limejaa. Land Rover za kwanza zilikuwa na bomba moja la mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne: likipasuka mahali pamoja, breki zote zinakwenda. Dramu zikipita mtoni hulowa na kushindwa kushika hadi zikauke. Kuzipa zile fupi dramu za inchi 11 za gari refu, kuweka bomba jipya na kutunza pampu ya mfyonzo hakumpi mtu sifa sokoni. Hata hivyo hakuna pesa iliyotumika vizuri zaidi kwa gari la vilimani, na inasikitisha kwamba mara nyingi ilikuwa ya mwisho kutolewa.

Upande wa mizigo, njia ya kawaida ilikuwa kuongeza majani ya chuma kwenye springi za nyuma. Gari halikuinama tena chini ya mikungu ya ndizi, lakini likawa gumu, likapanda juu na kuwa jepesi kupinduka kwenye mteremko wa pembeni. Rafu ya juu ya paa iliongeza ubaya huo. Chesisi nayo ilikuwa ya chuma ingawa bodi ilikuwa ya aluminiamu, na kwa mvua ya Gusii ilioza kutoka ndani. Fundi mwangalifu aliigonga kwa nyundo kabla ya kuchomelea chochote juu yake.

Matatu, zilizoruhusiwa rasmi kubeba abiria mwaka 1973, zilitumia kila aina ya bodi, Land Rover zikiwemo. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilidai mikanda ya viti na vidhibiti mwendo, na magari ya kuunganishwa nyumbani yakapata shida kubaki katika kazi ya abiria. Kisha mwaka 2008 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye pikipiki za chini ya cc 250, na bodaboda zikatwaa njia nyembamba zilizokuwa za Land Rover. Mwenye pikipiki naye huchagua kwa mantiki ileile: sproketi ya kupanda mlima badala ya mwendo, tairi la meno, keria imara, shokabsoba ngumu zaidi, na vyuma vya kukinga miguu pikipiki ikianguka.

Land Rover za Series zilizobaki bado zinafaa shambani na kwenye barabara mbovu. Anayenunua mojawapo leo aanze na chesisi na breki, kisha radieta na matairi, na ndipo aifikirie injini. Na injini ikibadilishwa, namba yake ibadilishwe pia katika kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani, kabla gari halijarudi barabarani.