Popo wa Pemba na Miti ya Makaburini

Mkondo wa bahari unaoitenga Pemba na bara una upana wa kilomita 50 hivi, na kina chake hufika mita 800. Kwa mabaharia wa pwani hiyo ni safari ya kawaida tu. Lakini popo mkubwa wa Pemba, yule ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hufika mita moja na nusu na ushei, hana jamaa yake wa karibu hata mmoja aliyefanya makaazi ng'ambo ya pili. Ukoo wake umeelekea mashariki: Ngazija, Bukini, Shelisheli, Bara Hindi, kisha huendelea hadi visiwa vya bahari ya Pasifiki. Mafia wapo, nao ni wa ukoo wa Ngazija. Bara la Afrika lenyewe hawakulikalia. Ni mnyama wa visiwa, na kama walivyo watu wengi wa visiwa, nasaba yake isomwe kwa kuitazama bahari.

Wala si yeye peke yake. Katika msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya Pemba, umo mpapindi, mti wa jamii ya minazi na mipopoo, ambao kwa asili hauoti pengine popote duniani. Ndugu zake nao wako Bukini na Ngazija. Mwaka 1909 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Matschie, alimwandika popo huyu katika vitabu vya elimu ya wanyama kwa jina la Pteropus voeltzkowi, kwa kumuenzi mtafiti mwenzake, Alfred Voeltzkow, aliyezunguka visiwa hivi. Wapemba walikuwa wamekwisha kumwita popo kwa karne nyingi, na hakuna aliyewauliza.

Enzi hizo msitu wa asili wa Pemba ulikuwa tayari umeanza kukatika. Tufani ya mwaka 1872 iling'oa mikarafuu ya Unguja ikaiacha Pemba karibu salama, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Vilima vilivyofunikwa na miti mikubwa vikageuka mashamba. Mwishowe msitu wa maana uliosalia ukawa ni Ngezi, takriban hekta 1,400 zilizohifadhiwa na serikali, pamoja na vipande vidogovidogo huku na huko: ufukweni penye mikoko, mabondeni palipomea vichaka upya, na makaburini.

Hapo makaburini ndipo panapostahiki kutuliwa. Katika vijiji vingi vya Pemba makaburi ya kale yamezungukwa na miti ambayo hakuna mtu aliyeiandikia sheria, na bado haikatwi. Wengine huiacha kwa heshima ya waliolala chini yake, wengine kwa kuchelea mizimu, na wengine kwa sababu baba zao waliiacha. Popo hahitaji kujua sababu. Yeye hutaka mti mrefu, wenye matawi ya kuning'inia mchana kutwa na wenziwe kwa mamia, mahali pasipo shoka wala kelele. Kwa hivyo, pale msitu ulipokwisha, marehemu wakawapa hifadhi popo. Kwa hakika huu ni uhifadhi uliotangulia neno lenyewe "uhifadhi".

Heshima ya makaburi, hata hivyo, haikuzuia bunduki. Popo huwindwa kwa nyama, na bunduki ya marisau ikifyatuliwa ndani ya kundi lililolala huangusha wengi kwa mara moja, na wanaosalia huhama. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Hasara ya namna hiyo hairudi upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walihofu kwamba kizazi hiki kinatoweka. Mwaka 1995 watafiti wawili, Abigail Entwistle na Nadia Corp, walikizunguka kisiwa wakihesabu, wakapata popo baina ya 4,600 na 5,500 katika makaazi 19. Ilikuwa afadhali kuliko ilivyohofiwa, lakini kwa mnyama asiyepatikana kwengine ulimwenguni, idadi hiyo ni ya kutia wasiwasi. Mwaka 1996 aliingizwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Ama mwaka 1995 Pemba ilikuwa na habari nyengine ya popo. Ndio mwaka ambao taharuki ya popo bawa ilizuka kisiwani na kuvuka hadi Unguja, na watu wakalala nje kwa makundi wakimkimbia jini la usiku ambalo visa vyake vilianza kusikika Pemba katikati ya miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ulikuwa mlangoni, na nyoyo hazikuwa zimetulia. Katika hali hiyo ndipo idara ya misitu ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la Fauna & Flora International la Uingereza, ilipowaendea wanavijiji na ombi la kumlinda popo. Si vigumu kudhani vicheko vilivyowapokea. Lakini yaliyofuata yanaonyesha kwamba watu walijua kutenganisha jini na mnyama.

Makaazi mengi ya popo yalikuwa nje ya hifadhi ya serikali, juu ya ardhi ya watu, kwa hivyo hapakuwa na amri ambayo ingetosha. Vikundi vya vijiji viliundwa. Skuli zikaingizwa katika mafunzo. Watu wakakubaliana kutowinda popo mahali wanapolala na kutokata miti yao. Huko Kidike, kaskazini ya Chake Chake, wanakijiji wakaanza kupokea wageni wanaokuja kuwatazama popo, na ada ya kuingia ikabaki kijijini. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2010 iliwaweka popo wa Pemba kwenye 20,000 hivi, na daraja lao la hatari likateremshwa. Mifano ya popo wa visiwani walioongezeka kwa namna hii ni michache sana duniani.

Isidhaniwe kuwa mapenzi yalishuka ghafla. Popo hula maembe, mashelisheli na zambarau, na mwenye mti ana haki ya kunung'unika. Kundi lao lina makelele na harufu isiyosifika. Lakini popo huyohuyo hula tini za mkuyu na matunda ya mvule, akazidondosha mbegu mbali na mti mama. Ninga wa Pemba naye, ndege aliyekwisha kupewa cheo chake katika mashairi, hula tini hizohizo. Pengine anaula mti uliooteshwa na popo, na washairi wakamshukuru ndege peke yake.

Kwa sababu hiyo swali la leo si la kuwinda tu, ni la kupanda. Miti inayopendwa sana katika kampeni za kupanda ni ile inayokua upesi. Mvinje na mkaratusi hutoa nguzo na kuni, na mwenye nyumba isiyo na paa hawezi kulaumiwa kwa kuichagua. Hata hivyo haina tunda la popo wala la ninga. Mkuyu au mvule ulioachwa mpakani mwa shamba, mzambarau nyuma ya jiko, msitu mdogo wa makaburini usiofyekwa hadi ukutani: hivyo ndivyo vinavyounganisha kilima na kilima kwa kiumbe anayeruka usiku akiongozwa na macho na pua.

Na shamba lenye miti hiyo likigawiwa kwa warithi watano, kila mmoja hupata kipande chake na hupata pia haki ya kuukata mti uliomo ndani yake. Bei ya mbao za mvule inajulikana na kila fundi. Kijiji kilichokubaliana na baba hulazimika kuyaanza mazungumzo upya na watoto, mmoja mmoja, mti kwa mti.