Sikio la Bibi Kizee

Nilipokuwa sekondari mkoani Shinyanga, mwalimu wetu wa Kiswahili alitukaririsha istilahi za fasihi: fani, maudhui, mandhari, mgogoro, mhusika bapa na mhusika duara. Mgawanyo huu wa mwisho ulitokana na Mwingereza E. M. Forster, mwaka 1927. Mhusika bapa ana sifa moja tu, wala habadiliki.

Mfano wake ulikuwa hadithi tuliyoijua toka nyumbani. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote, akabaki mama mmoja mja mzito. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua aliliua zimwi, akalipasua, watu wakatoka hai. Kwa bahati mbaya kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akamroga.

"Huyu bibi ni mhusika gani?"

"Bapa! Mchawi!" tukajibu darasa zima, tukapata alama zetu.

Nje ya darasa vikongwe walikuwa wakiuawa kwa mapanga. Jambo hilo halikuwa jipya. Mwaka 1976 ulifanyika msako wa wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Baadhi ya watuhumiwa walifia mahabusu, na mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akawajibika kwa kujiuzulu. Mauaji hayakukoma.

Ushahidi mkubwa dhidi ya bibi ulikuwa macho mekundu. Hapo ndipo neno mandhari lingetufaa. Miti ya Shinyanga ilikuwa imekatwa, ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI wa kurudisha uoto na ngitili. Mwanamke aliyepikia samadi na mabua maisha yake yote, moshi ukimwingia machoni, angekuwa na macho ya rangi gani?

Likizo moja nilikuta nyumba ya jirani yetu, bibi aliyekuwa akitugawia karanga, imezibwa mlango kwa miiba. Sikuuliza. Nilijua, na moyoni nilikuwa nimekwisha kumwita kwa jina lile lile nililojibu darasani.

Sasa ninafundisha Geita. Hadithi ni ile ile na istilahi ni zile zile. Lakini kabla mwanafunzi hajaniambia bibi ni mhusika wa aina gani, humtaka anijibu kwanza: nani alimkata sikio, na je, alimwomba radhi?