Antena ya Paa la Gari-nyumba

Gari-nyumba, yaani gari lenye injini lililojengewa ndani yake vitanda, jiko na choo ili wasafiri waishi humo wakiwa njiani, lilianza kuonekana Marekani mapema katika karne ya 20, na mfano unaotajwa mara nyingi ni Touring Landau ambalo kampuni ya Pierce-Arrow ililionyesha mwaka 1910 katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York. Televisheni ilikuja baadaye sana, na ilipokuja ilijengwa juu ya dhana iliyo kinyume cha safari: mnara wa kurushia matangazo umesimama mahali pamoja, nyumba ya mtazamaji nayo imesimama, na antena iliyo baina yao huelekezwa mara moja na fundi aliyepanda paani, kisha huachwa kwa miaka. Antena ya gari-nyumba, pamoja na kuvunjika kwake na kubadilishwa kwake, ni zao la jitihada za kupatanisha mambo hayo mawili, na kwa muda mrefu upatanisho wenyewe ulikuwa wa upande mmoja, kwa kuwa gari ndilo lililolazimika kusimama.

Sababu ya jambo hilo imo katika umbo la antena yenyewe. Mwaka 1926, katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku huko Sendai, Japani, Shintaro Uda akishirikiana na mwalimu wake Hidetsugu Yagi alieleza antena yenye fito kadhaa za chuma zilizopangwa sambamba juu ya mhimili mmoja, ambamo ufito mmoja tu huunganishwa na waya, wa nyuma yake huyarudisha mawimbi, na zile za mbele huyavuta kutoka upande mmoja. Antena hiyo ndiyo iliyoenea juu ya mapaa ya dunia nzima, yakiwemo mapaa ya Nairobi na Zanzibar, ingawa katika nchi yake ilipuuzwa kiasi kwamba Wajapani walioiteka Singapore mwaka 1942 walikuta jina la Yagi katika daftari la fundi wa rada wa Kiingereza wasijue kuwa ni la mwenzao. Nguvu ya antena ya namna hii hutokana na kuusikiliza upande mmoja na kuuziba mwingine, na hapo ndipo taabu ya msafiri ilipoanzia, kwa sababu kila kambi aliyofikia ilikuwa na minara yake katika pembe nyingine.

Taabu ya pili ilihusu ukubwa. Ufito wa antena hufanya kazi vizuri unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi unalolipokea, na chaneli ya 2 ya Marekani, iliyo kati ya megahezi 54 na 60, ina mawimbi yenye urefu unaozidi mita 5, hivyo ufito wake kamili hufikia takribani mita 2.6, ilhali chaneli ya 14, inayoanzia megahezi 470, huhitaji ufito wa sentimita 32 hivi. Chaneli za 2 hadi 13 zimo katika mkanda wa masafa uitwao VHF, na zile za juu yake zimo katika mkanda wa UHF, ambao Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani iliufungulia televisheni mwaka 1952 baada ya kusitisha vibali vya vituo vipya tangu mwaka 1948. Kwa kuwa televisheni nyingi za wakati huo hazikuweza kupokea UHF, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 1962 kuwalazimisha watengenezaji waweke mikanda yote miwili, na sharti hilo likaanza kutumika mwaka 1964. Antena ya gari-nyumba ilizaliwa basi ikidaiwa kupokea mawimbi yanayotofautiana kwa urefu mara nyingi, juu ya paa ambalo tayari lilikuwa na matundu ya kupitishia hewa na baadaye kiyoyozi, na ambalo upana wake haukuruhusiwa kuzidi kiwango cha sheria za barabarani.

Televisheni yenyewe iliingia garini ilipoachana na balbu za kioo zilizokula umeme mwingi. Kufikia mwaka 1960 Sony ilikuwa imeuza televisheni ndogo ya transista iliyoweza kutumia betri ya volti 12, yaani volti zilezile za betri ya gari. Magari yenyewe yaliongezeka baada ya kampuni ya Winnebago, iliyoanzishwa mwaka 1958 katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa, kuanza mwaka 1966 kuyaunda kwa mpangilio wa kiwandani na kuyauza kwa bei ya chini kuliko ya washindani wake. Katika jimbo hilohilo, mjini Burlington kando ya mto Mississippi, John Winegard alikuwa ameanzisha mwaka 1954 kampuni ya antena za nyumbani, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kutengeneza antena iliyotawala mapaa ya magari-nyumba ya Marekani, ambayo kwa umbo lake la mabawa mawili yaliyotandazwa wasafiri waliibandika jina la popo.

Muundo wa antena hiyo unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa maana udhaifu wake wote umo katika werevu wake. Juu ya paa huwekwa kitako kilichofungwa kwa skrubu, na katikati yake hupita mhimili unaotokeza ndani ya gari kupitia tundu la dari, ambako mtumiaji hukuta mkono mdogo wa kuzungushia. Akiuzungusha, gia iliyo paani huinua mikono miwili iliyolala, nayo huisimamisha antena juu ya paa. Kisha, akivuta chini pete iliyo darini na kuigeuza, antena nzima hugeuka mpaka picha itulie. Ndani ya kichwa chake kimo kikuza mawimbi, ambacho mafundi wa Afrika Mashariki hukiita busta, na chombo hicho hakina waya wake wa umeme bali hupelekewa volti 12 kupitia kebo ileile inayoshusha mawimbi, kutoka kwenye swichi yenye taa ndogo ukutani. Kabla ya safari, mtumiaji alipaswa kufuata mpangilio huo kinyumenyume: aigeuze antena hadi alama mbili za darini zikutane, ndipo aishushe, la sivyo ingeangukia kifuniko cha tundu la hewa au kiyoyozi.

Usalama wa chombo hiki ulitegemea, kwa hiyo, kumbukumbu ya binadamu katika saa ambayo binadamu ana mengi ya kukumbuka: kuchomoa waya wa umeme wa kambi, kufunga maji, kuingiza ngazi, kufunga kabati. Wapo waliosahau, wakaondoka na antena ikiwa wima, na tawi la mti au paa la kituo cha mafuta likaipinda mikono yake au kuing'oa pamoja na kitako chake. Wasafiri wakongwe walijitungia dawa zao, kama vile kutundika kibao kwenye usukani au kuufungia ufunguo wa gari kwenye mkono wa antena, na waliokuwa na ujuzi wa umeme waliongeza kengele iliyolia injini ilipowashwa kabla antena haijalala. Ni vigumu kuwalaumu waliosahau, kwani mtambo unaomdai mtumiaji hatua ya ziada kila anapoondoka utakuja kumkuta siku moja ana haraka.

Si kila antena iliyobadilishwa ilikuwa imevunjika. Swichi ya ukutani iliyozimwa iliufanya mkuzo ukome na picha kupotea, na kebo, ambayo hujikunja na kujikunjua kila antena inapopanda na kushuka, ilikatika ndani huku nje ikionekana nzima. Ndiyo maana fundi makini hupima kwanza kama volti 12 zinafika kwenye ncha ya juu ya kebo kabla ya kukihukumu kichwa. Kichwa peke yake kikiwa kimekufa, hutolewa kwa pini mbili na kingine kikawekwa pale pale juu ya mikono ya zamani, kazi isiyohitaji kugusa paa. Kazi kubwa huanza kitako kinapong'olewa.

Hapo historia ya antena hukutana na historia ya paa. Mapaa ya bati au alumini ya magari ya mwanzo yalizibwa kwa utepe wa bereu laini uliokauka na kupasuka kadiri miaka ilivyopita, na baadaye magari mengi yakatandikwa raba nyembamba iitwayo EPDM, iliyogundishwa juu ya plaiwudi. Raba hiyo hustahimili jua, lakini huvimba ikiguswa na viyeyushi vya jamii ya petroli, na silikoni ya madukani haishikamani nayo vyema, kwa hiyo ufundi wa kubadilisha antena ulidai hatua zake: kukwangua bereu ya kale bila kuichana raba, kulaza utepe wa butili chini ya kitako kipya, kufunga skrubu katika mbao iliyo imara, na kumwagia juu yake gundi nzito inayojitandaza yenyewe. Aliyefanya hayo kwa ulegevu alipata picha nzuri na paa bovu, kwani maji yakipenya kwenye tundu la skrubu huiozesha plaiwudi kwa muda mrefu kabla ya doa kujitokeza darini, na gharama ya paa ni kubwa mno kuliko ya antena.

Tarehe 12 Juni 2009 vituo vikubwa vya Marekani vilizima matangazo ya analogia, baada ya serikali kugawa vocha za dola 40, mbili kwa kila kaya iliyoomba, za kununulia vifaa vya kubadilisha mawimbi, vile ambavyo wakazi wa Dar es Salaam, mitambo ya analogia ilipozimwa jijini mwao mwishoni mwa mwaka 2012, walivijua kwa jina la ving'amuzi. Chaneli za 52 hadi 69 ziliachiwa simu na huduma za dharura, na mnada uliokamilika mwaka 2017 uliviondoa vituo katika chaneli za 38 hadi 51 pia, kazi iliyoendelea hadi mwaka 2020. Vituo vingi vilihamia au kubaki UHF, huku televisheni zikiendelea kuonyesha namba za zamani, hivi kwamba kituo kinachojiita cha 4 huenda kikawa kinarusha katika chaneli ya 30 na kitu. Antena ya popo, iliyobuniwa kwa ajili ya mikanda yote, iliongezewa fito fupi za UHF mbele yake, na wengi walionunua antena mpya miaka hiyo walibadilisha chombo kizima kwa sababu ya uamuzi uliofanywa Washington.

Kwa kuwa mawimbi yaliyobaki yalikuwa mafupi zaidi, kichwa kidogo kiliweza kutosha. Zikaja antena za duara zisizoinuliwa, nyingine zikigeuzwa kwa kitasa cha darini na nyingine zikipokea kutoka pande zote, ambazo vitako vyake hufunika tundu lilelile la mhimili wa zamani. Antena ya pande zote hukusanya mawimbi machache kuliko inayoelekezwa, na mbali na mji tofauti hiyo huonekana. Walioichagua waliikubali hasara hiyo ili waondokane na mkono wa darini. Huko Uingereza mlingoti unaopandishwa kupitia kabatini ulidumu kwa sababu nyingine: minara mikubwa mingi hurusha mawimbi yaliyolala na minara midogo ya kusaidia hurusha yaliyosimama, hivyo msafiri huhitaji kuilaza au kuisimamisha antena yake kulingana na mnara uliomfikia.

Gari lenyewe, hata hivyo, liliendelea kudaiwa lisimame. Mfumo wa kidijitali ambao Marekani iliuidhinisha mwaka 1996 ulilenga televisheni za sebuleni, na mawimbi yake huvurugika kipokezi kikiwa mwendoni, tofauti na mfumo wa Ulaya unaogawa habari katika vijiwimbi vingi sambamba. Mwezi Novemba 2017 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano iliruhusu mfumo mpya, ATSC 3.0, uliochukua njia hiyo ya vijiwimbi na ambao unaweza kupokelewa gari likitembea. Vituo vinavyoutumia vimebaki katika chaneli zilezile za VHF na UHF, kwa hiyo antena iliyoko paani huyapokea mawimbi yake bila kubadilishwa, na kinachohitajika kununuliwa safari hii ni kipokezi cha ndani.